Kompyuta Haichagui Cha Kupima



Mwaka 2019 Rich Sutton, mkongwe wa akili mnemba, aliandika makala fupi ambayo baadhi ya wanafunzi wangu wanaishika kama msahafu. Anasema miongo saba ya utafiti imeonyesha kuwa mbinu za jumla zinazotegemea nguvu ya kompyuta hatimaye huzishinda zile zilizojazwa maarifa ya wataalamu. Mifano mnaijua: kompyuta ilipomshinda bingwa wa sataranji mwaka 1997 na bingwa wa mchezo wa Go mwaka 2016. Kwa hilo sina ubishi.

Ninalopinga ni hitimisho ambalo wengi wamelichomoa humo, kwamba mwanaisimu, daktari na mwanahistoria hawana kazi tena katika utafiti huu. Yanayowaumbua kwanza ni maisha ya Sutton mwenyewe. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Stanford mwaka 1978, ni ya saikolojia. Mbinu iliyompatia sifa, ya mashine kujaribu, kutuzwa na kurekebisha mwenendo, ina mizizi katika majaribio ya wanyama. Mwanasaikolojia Edward Thorndike, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1898, alifungia paka visandukuni akiangalia wanavyojifunza kujitoa. Fungueni kitabu cha Sutton na mwenzake Andrew Barto kuhusu mbinu hiyo, toleo la 2018. Kina sura nzima ya saikolojia, na inayoifuata ni ya sayansi ya neva. Anayewafukuza wanasaikolojia kwa jina la Sutton hajamsoma Sutton.

Lakini kuna makala ninayoithamini zaidi. Ilitoka mwaka 2019 pia, katika jarida la Science, na waandishi wake ni pamoja na Ziad Obermeyer, daktari, na Sendhil Mullainathan, mchumi. Walichunguza programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuambiwa rangi ya mtu. Ilitabiri gharama za matibabu, na kwa gharama ilitabiri vizuri. Kumbe, kwa ugonjwa uleule, fedha zilizotumika kuwatibu Wamarekani weusi zilikuwa kidogo kuliko za weupe. Penye alama zile zile za programu zilizomwingiza mtu moja kwa moja kwenye uangalizi huo, mgonjwa mweusi alikuwa na wastani wa maradhi sugu 4.8, mweupe 3.8. Upendeleo huo ungeondolewa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaosaidiwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Ongezeni nguvu ya kompyuta mara elfu: programu ile ingetabiri gharama kwa usahihi zaidi, na kosa lingebaki palepale. Kosa lilikuwa kuchukua fedha kuwa ndiyo ugonjwa, na wanaojua kwa nini fedha hazitumiki kumtibu mgonjwa ni wale wanaoishi na wagonjwa na historia yao.

Dada yangu ni muuguzi wa zahanati. Nilipomsimulia makala hii hakushangaa. Alisema daftari lake linaandika waliofika; waliokosa nauli hawamo. Mfumo wowote utakaofunzwa kwa daftari lile utawahesabu hao kuwa wazima.

Ombi langu kwa Seneti ya chuo chetu ni hili: kila tasnifu ya akili mnemba iwe na msimamizi wa pili kutoka nje ya idara ya kompyuta, na awe na kauli tangu siku ya kuchagua data, si siku ya utetezi.