Babu Yetu, Fundi wa Vyombo



Katika sikukuu hii ya Jubilei nimeombwa niseme habari za mzee mmoja wa nchi yetu ya Rufiji. Nimemchagua babu yangu, aliyemzaa mama yangu. Hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa fundi wa mashua na majahazi, naye alipata kuwa askari.

Kazi yake aliifanya upande wa Nyamisati, juu ya matope, mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Mataruma ya chombo aliyatoa katika mti wa mlilana, akitafuta matawi yaliyopinda yenyewe, kwa maana alisema mti uliokwisha kupinda hauhitaji kulazimishwa. Akachonga kwa tezo, akatoboa kwa keekee, akapigilia mbao. Kisha akaanza kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya ubao na ubao. Kijana akipita upesi mahali pa chini, karibu na mkuku, babu humrudisha, akimwambia, "Mwenye chombo hatapaona hapa, lakini maji yatapaona."

Katika Vita vya Pili vya Dunia aliandikwa katika kikosi cha mafundi wa jeshi, akafika Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa, homa ikiwaangusha watu, hata mwezi wa Desemba ikaufikia mto Chindwin huko Kalewa. Babu hakusimulia sana mambo hayo. Tulipomsihi, alisema tu, "Matope ya huko yalikuwa ndugu ya matope ya kwetu. Watu walikuwa wageni, matope hayakuwa mageni."

Hata siku moja, nikiwa darasa la saba, nilirudi nyumbani nikijivuna, kwa kuwa nimefundishwa habari za manowari Königsberg. Nikamweleza babu jinsi manowari hiyo ya Wajerumani ilivyozamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, ikaja kujificha katika milango ya mto wetu. Jinsi Waingereza walivyoizingira, na jinsi ilivyoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Nikaongeza kwamba mizinga yake kumi ilitolewa, ikavutwa nchi kavu, ikapigana tena. Na kwamba mmoja umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Babu alikuwa akinoa msumeno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na watu walioivuta, mwalimu wako amewataja?"

Nikajibu, "La, babu."

Akasema, "Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alitwaliwa mimi ningali nikinyonya. Baada ya mizinga alibebeshwa mizigo ya jeshi, wala hakurudi. Mama yangu alinitajia majina ya wote waliotwaliwa pamoja naye siku ile."

Akaendelea kunoa msumeno wake, nami nikanyamaza.

Ndugu zangu, naungama kosa langu mbele yenu. Nilikua, nikawa mwalimu. Babu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, nami nilimtembelea kila likizo, nina kalamu mfukoni. Niliandika mitihani, niliandika ripoti, niliandika barua za watu wengine. Majina yale sikuyaandika. Kila mara nilijiambia, nitamwuliza likizo ijayo. Babu akafa, nayo majina yakaenda pamoja naye.

Mzinga wa Mombasa unatunzwa, na watu huenda kuutazama. Vita vile viliua wachukuzi wengi sana, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa. Tukitaja manowari na manahodha tu, tukawaacha hao, twapaka rangi chombo ambacho hatukukikalafati mahali pa chini.

Kwa hiyo, waalimu wenzangu wa Kibiti na wa visiwa vya delta, nawaomba neno moja. Mpeni kila mtoto daftari, aende kwa mzee wa nyumbani kwake, awe Mkristo au Mwislamu, akamwulize mambo matatu: jina lake na majina ya waliomzaa; kazi ya mikono yake; na watu aliosafiri nao au kuteseka pamoja nao. Ayaandike siku ile ile, asingoje likizo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni huu wangu, wa kuwa na kalamu na kungojea kesho.

Jina la baba wa babu yangu nalijua, nami nimekwisha kuliandikia wajukuu zangu. Ya wenzake siwezi kuyarudisha. Lakini wako wazee hapa mbele yetu leo, wameketi safu ya kwanza. Tukitoka hapa, tuanze na hao.