MOTO WA KUKAUSHA NGUO
Hotuba ya kamati ya elimu ya tawi, iliyosomwa katika mkutano wa wanachama mwanzo wa muhula wa pili



Tumeombwa tuseme habari ya shule. Twajua wengi wenu mmekuja kusikia habari ya mishahara, na hiyo mtaipata kwa mwandishi wa tawi tukisha kuketi. Sisi tutasema habari ya nguo zilizolowa.

Mambo ya shule yetu wakati huu wa masika mwayajua. Jani ni jingi shambani, nyapara aita mapema, mama na baba wametoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Mtoto huamka mwenyewe, hunywa chai iliyobaki kama ipo, hushika njia. Kutoka laini za juu mpaka shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu midogo, na mto uvukwe. Afikapo, sweta ni maji matupu na viatu, kama anavyo, ni matope. Hukaa hivyo hivyo mpaka adhuhuri. Mwalimu aandika ubaoni na darasa zima lakohoa.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mama mchuma chai, aliuliza swali dogo. Je, haiwezekani moto ukakokwa mapema katika kibanda cha jikoni pale shuleni, watoto wakauke kidogo kabla ya somo la kwanza? Akaambiwa akaulize bodi. Akauliza, bodi ni nani? Hapo, ndugu zetu, hakupatikana mtu wa kumjibu. Hata sisi wa kamati ya elimu hatukuweza kumtajia jina moja. Twasema haya kwa aibu, lakini yafaa yasemwe mbele yenu.

Basi swali la mama huyu lilitukumbusha habari ya shule nyingine ndogo ya shamba, mbali sana na hapa, ambako moto wa namna hiyo hiyo ulizusha ugomvi uliodumu miaka 25. Ni habari ya vyama vya wafanya kazi pia, ndiyo sababu twaileta hapa.

Katika upande wa mashariki wa Uingereza, katika jimbo la Norfolk, kipo kijiji kiitwacho Burston, karibu na mji mdogo wa Diss. Watu wake wengi miaka ile walikuwa vibarua wa mashamba. Mshahara wao kwa juma haukufika shilingi 20 za Kiingereza. Nyumba nyingi walizokaa zilikuwa za tajiri, kama laini zetu hizi: ukifukuzwa kazi, umefukuzwa na nyumbani. Mwaka 1911 walikuja walimu wawili, mke na mume, Annie Higdon na Tom Higdon. Mke ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, mume akawa msaidizi wake. (Wanaume mnaocheka huko nyuma, tumewasikia.)

Walimu hawa walikuwa wametoka katika kijiji kingine cha Norfolk, Wood Dalling, ambako walikosana na wenye mashamba. Sababu ilikuwa hii. Huko Uingereza mwaka una majira ya baridi kali, na baada yake huja majira ya kuchipua, kuanzia Machi hivi. Siku zarefuka, majani yatoka, ardhi yapata kulimika. Ndiyo masika yao, kwa maana ya kazi. Basi zamani majira hayo yakija, watoto walitolewa madarasani wakaokote mawe shambani na kufukuza ndege wasile mbegu. Mwenye shamba alipata kibarua rahisi, na mtoto alipoteza somo. Walimu hawa walikataa wanafunzi wao wachukuliwe hivyo. Tena Tom Higdon alikuwa mtu wa chama cha vibarua wa mashamba, akipita vijijini jioni kuandikisha wanachama.

Kufika Burston, wakakuta shule yenye unyevu na baridi. Wasimamizi wa shule walikuwa chini ya kasisi wa kijiji, naye alikuwa rafiki wa wenye mashamba. Mwalimu Annie akaomba jengo litengenezwe. Hakupendwa kwa hilo. Lakini jambo lililouma zaidi lilikuja mwaka 1913, wakati wa uchaguzi wa baraza la kijiji. Vibarua walisimama pamoja na Tom Higdon, wakapiga kura kwa umoja, wakashinda. Tom akapata kura nyingi kuliko wote. Kasisi akashindwa.

Sasa sikieni habari ya moto. Siku moja ya mvua watoto walifika shuleni wamelowa, wengine wametembea mbali. Mwalimu Annie akawasha moto darasani ili wakauke. Kumbe kuwasha moto kulitaka ruhusa ya wasimamizi, naye hakuiomba. Jambo hilo likawa shtaka. Wakaongeza kwamba hana adabu kwa wasimamizi, na kwamba alipiga wasichana wawili waliokuwa wakilelewa kijijini. Mwalimu alikana, na wazazi wa Burston hawakusadiki. Hata hivyo uamuzi ulitoka kwamba wote wawili, mke na mume, waondoke mwisho wa Machi 1914.

Hatudhani kuna mtu mzima mwenye akili aliyeamini kwamba mwalimu alifukuzwa kwa sababu ya kuni chache. Alifukuzwa kwa sababu ya uchaguzi. Moto ulikuwa ndiyo njia iliyopatikana.

Tarehe 1 Aprili 1914, walimu wapya walipongoja wanafunzi, watoto hawakuingia. Shule ilikuwa na wanafunzi 72, na 66 kati yao waligoma. Aliyewaongoza alikuwa msichana aitwaye Violet Potter. Walipita kijijini kwa maandamano, wana bendera, na vibao vyenye maneno ya kuwataka walimu wao warudi. Njiani mama wa kijiji waliwapa keki na kinywaji. Mwenzao mmoja, Emily Wilby, aliandika baadaye habari za mgomo huo kwa mkono wake, kwa hiyo twazijua kwa maneno ya mtoto aliyekuwapo, si kwa maneno ya wakubwa tu.

Watu wengi walifikiri watoto wamepata likizo ya bure na baada ya siku mbili watachoka. Lakini watoto hawa hawakugomea masomo. Walikwenda kusoma! Walimu wao waliwafundisha uwanjani, katikati ya kijiji, juu ya majani, katika majira yale ya kuchipua. Fikirini wenyewe: upepo bado wa baridi, karatasi zapeperuka, jua likitoka wote wafurahi, mvua ikija wakimbilie nyumba za jirani. Baadaye walipata karakana ya seremala wa kijiji, wakaifanya darasa. Shule ya serikali ilikuwa pale pale, ina madawati na paa zuri, karibu tupu.

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye fundisho kwetu sisi wa mashamba. Mgomo wa watoto ni jambo la siku moja ikiwa watu wazima hawakuubeba. Wazazi 18 waliitwa mahakamani Diss kwa kosa la kutopeleka watoto shuleni, wakatozwa faini, kila mmoja shilingi 2 na senti zake, yaani nusu-krauni. Kwa mtu asiyepata shilingi 20 kwa juma hiyo si fedha ndogo. Mchango ulipitishwa na faini zikalipwa. Kasisi naye alikuwa na vipande vya ardhi ya kanisa ambavyo watu masikini walikodi kupanda viazi na mboga. Aliwanyang'anya wapangaji waliounga mkono mgomo. Watu wakaacha kwenda kanisani kwake, wakasali uwanjani.

Fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo twaona kazi ya chama. Habari zilipoenea, matawi ya wafanya kazi sehemu nyingi za Uingereza yalianza kuleta michango: watu wa reli, wachimba makaa, vibarua wa mashamba. Hawa hawakuwa na mtoto Burston. Mchimba makaa hakuijua hata njia ya kwenda huko. Lakini alielewa maana ya tajiri kushika mlango wa shule. Kwa michango hiyo likajengwa jengo jipya, dogo, penye uwanja ule ule. Lilifunguliwa tarehe 13 Mei 1917, majira ya kuchipua tena, na aliyelifungua ni Violet Potter, yule yule aliyeongoza maandamano. Mbele ya jengo kuna mawe yaliyochongwa majina ya waliochanga, na mengi ni majina ya matawi ya vyama.

Shule hiyo iliendelea mpaka mwaka 1939, Tom Higdon alipofariki. Mkewe alikuwa mzee, hakuweza kuiendesha peke yake, ikafungwa. Alifariki mwaka 1946, na wote wawili wamezikwa hapo hapo Burston. Jengo lingaliko, limefanywa nyumba ya makumbusho, na kila mwaka mwezi wa Septemba wanachama wa vyama hukusanyika uwanjani.

Tusiseme kwamba mambo yote yalishinda. Walimu hawakurudishwa katika shule ya serikali. Tena shule ilisimama juu ya watu wawili, na walipochoka ikasimama. Chama kilijenga ukuta vizuri, lakini hakikuandaa walimu wa kuwafuata wale wa kwanza. Hilo pia twalihesabu.

Na asije mtu akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu wa upande wa Kati walipokosana na misheni mwishoni mwa miaka ya 1920, walifanya vivyo hivyo. Walitoa watoto wao, wakajenga shule zao za kujitegemea kwa miti, udongo na michango ya kila nyumba, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, yaani waliona upungufu ule ambao Burston hawakuuona. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Wapo watu humu ambao babu zao walibeba mawe ya shule hizo kichwani.

Sasa turudi jikoni kwetu. Hatutaki mgomo wa watoto, wala hatuna ugomvi na walimu wetu. Walimu wetu wafanya kazi ngumu, na wengine wamelowa kama watoto. Tena tusifanye haraka ya kuweka majiko ya makaa madarasani, maana moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa madirisha huua watu usingizini. Yule mama alisema kweli: moto uwe katika kibanda cha jikoni, penye hewa, mtu mzima awepo. Kuni si tatizo, baada ya kupogoa chai fito ni nyingi. Misumari ya kutundikia sweta twaweza kununua kwa mfuko wa tawi.

Lakini ruhusa ni ya nani? Tumekwenda kuuliza, na tumejibiwa hivi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka katika bodi ya usimamizi ya shule wajumbe 6 waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Wadhamini wa shule wana nafasi 3. Walimu wana mjumbe wao. Yaani sisi, watu tusioijua bodi kwa jina, ndio wenye nafasi nyingi kuliko wengine wote! Mara ya mwisho mkutano wa kuchagua ulipoitwa ulikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mvua ya kwanza imenyesha na jani limejaa. Waliofika walikuwa wachache, nao wakachaguana. Hatuwalaumu. Walifika, sisi hatukufika.

Safari hii kamati imemwandikia mwalimu mkuu kumwomba mkutano uwe Jumapili baada ya sala, naye amekubali. Utakuwa Jumapili ya tatu ya muhula huu, pale shuleni, chini ya ule mti mkubwa, na mvua ikinyesha ni darasa la nane la zamani. Mwenye mtoto shuleni ana kura, awe mwanachama au asiwe. Mchuma chai, mlinzi, mtu wa kiwandani, wote sawa. Wake kwa waume waje, maana tumeona nyumba nyingi humtuma baba peke yake, na baba hajui hata mtoto yu darasa gani.

Wanaotaka kusimama waandike majina yao kwa mwandishi wa tawi. Daftari liko mezani kwake, hapo mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mpaka tulipoanza kusoma hotuba hii lilikuwa na jina moja tu, nalo ni la yule mama aliyeuliza habari ya moto. Nafasi ni 6.