Tumbo la Wasiwasi: Tusione Haya Kuuliza



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu mliokuja, nimeombwa nizungumze juu ya afya. Nimechagua jambo ambalo hatupendi kulitaja mbele za watu, nalo ni tumbo. Wacheni kucheka, tusikizane.

Wako vijana kati yetu ambao tumbo huwasokota kila mtihani ukikaribia, wakienda kuhojiwa kazi, au nyumbani kukiwa na mzozo wa pesa. Mara kuhara, mara kufunga choo, na gesi isiyokwisha. Kijana huyu hapandi matatu ya safari ndefu mpaka ajue choo kiko wapi. Kubwa zaidi, ameacha kuja Tarawehe. Nyumbani wasema amekuwa mvivu wa ibada. Kumbe maskini aogopa udhu utatenguka katikati ya safu na watu wasikie!

Ndugu zangu, haya ni maradhi yanayojulikana. Madaktari huyaita IBS. Ubongo na matumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, vinapelekeana habari mchana na usiku. Moyo ukiwa na dhiki, matumbo huenda mbio au huzembea, na gesi kidogo tu huuma kama kisu. Si uchawi, si kujitia, wala si uchafu.

Sasa, tufanyeje? Kwanza, tuseme. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akitokwa na madhii mara kwa mara. Aliona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.) kwa kuwa ni mkwewe, basi akamtuma Miqdad amuulizie, na jawabu likapatikana. Tazameni: haya alikuwa nayo, lakini hakuiacha imzuie kujua. Nawe ukishindwa kumwambia baba, mwambie shangazi au rafiki akufikishie. Mficha uchi hazai.

Pili, nenda kwa daktari. Wengine hujinunulia dawa za amiba au taifodi dukani, mwezi baada ya mwezi, bila kupimwa. Mweleze daktari maumivu yalianza lini na choo kikoje. Na ukiona damu, ukikonda bila sababu, ukipata homa, au kuhara kukikuamsha usiku, usingoje Idi ipite. Hiyo yaweza kuwa kitu kingine.

Tatu, tuangalie futari zetu. Adhana ikilia twavamia bhajia, viazi karai, maharagwe na soda baridi, vyote kwa dakika 5! Anza na tende na maji, kaswali, kisha ule polepole. Maharagwe, vitunguu na maziwa huwaletea wengine gesi, basi jichunguze kipi chakudhuru. Tembea kidogo baada ya kula, na usikeshe kwenye simu mpaka daku. Kama ugonjwa umezidi, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Shauriana na daktari na sheikh wako.

Nne, msikiti. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye shaka ndani ya swala asitoke mpaka asikie sauti au anuse harufu. Basi mngurumo wa tumbo peke yake hautengui udhu. Na ambaye gesi haimpi hata nafasi ya kutawadha na kuswali, huyo ana hukumu ya mwenye udhuru: hutawadha wakati wa swala ukishaingia, akaswali hata kama yamtoka. Muulize sheikh, hatakucheka, masuala haya yamo vitabuni tangu zamani. Simama pembeni mwa safu, karibu na mlango, na ukihitaji kutoka, toka.

Nasi tunaobaki kwenye safu, tusigeuze shingo wala tusichekeshane. Kicheko kimoja chaweza kumtoa mtu msikitini mwaka mzima. Wazazi nao, mtoto akikaa chooni sana, msimpigie kelele mlangoni. Muulizeni kwa upole, mkiwa wawili tu: "Mwanangu, una nini?"

Allah awaponye wagonjwa wetu na atukubalie saumu zetu. Amin.