Neno "Chronic" na Matumizi Yake



Leo twapenda kusema machache juu ya neno moja la Kiingereza lipitalo mara kwa mara mikononi mwetu sisi makarani, nalo ni "chronic". Asili yake ni neno la Kiyunani, khronos, maana yake wakati. Basi neno hili lataja urefu wa muda, wala halitaji ukali.

Wengi hulitumia kana kwamba maana yake ni "baya sana", na hata Waingereza wenyewe husema hivyo katika mazungumzo ya mitaani. Lakini katika karatasi za kazi sivyo. Waganga huita "acute" ugonjwa uanzao ghafula, na "chronic" ule ukaao. Malaria kali yaweza kumwua mtu kwa siku chache, wala si "chronic". Kisukari chaweza kukaa na mtu miaka 40, naye akafanya kazi yake vema, nacho ni "chronic". Tena waganga wameweka vipimo: homa ya ini ya aina ya B huitwa hivyo ipitapo miezi 6, na ugonjwa wa figo upitapo miezi 3.

Lugha yetu yatusaidia hapa, maana twasema ugonjwa sugu. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mkulima, nayo haioti kwa siku moja.

Twalisema jambo hili kwa kuwa neno moja katika faili laweza kugusa riziki ya mtu. Karani akiandika kwamba mwenzake ana homa "chronic", akikusudia homa kali ya juma moja, mkubwa asomaye atadhani huyu ni mgonjwa wa miaka, na pengine atauliza kama afaa kuendelea na kazi. Homa itakwisha, bali maandishi yatabaki. Vivyo hivyo mtu aliyechelewa mara mbili akiitwa mchelewaji "chronic", kosa la siku mbili limegeuzwa tabia.

Kwa hiyo twashauri: kabla ya kuliandika neno hili, tujiulize, "Tangu lini?" Ikiwa hatuna tarehe, tuliache. Ikiwa tunayo, tuiandike kando yake. Na habari za ugonjwa tuzinakili kama mganga alivyoziandika, bila kuongeza wala kupunguza.