Mada ya 17: Jeni, Saratani na Daftari la Watu wa Kujitolea

Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Mimi naomba masikio tu.

Tuseme dada yako amegunduliwa kuwa na saratani ya titi. Daktari alitoa kipande kidogo cha uvimbe kikapelekwa maabara. Baada ya wiki kadhaa karatasi inarudi, imejaa herufi na nambari ambazo hakuna mtu nyumbani anayezielewa. Daktari anasema, "Kuna mabadiliko kwenye jeni." Papo hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema ni laana ya ukoo. Mwingine anamlaumu mama mzazi. Na dada yako mwenyewe analia usiku, akijiuliza kama binti zake nao wataugua.

Tulia kwanza, mama. Jeni ni nini? Ni maagizo yaliyo ndani ya chembechembe za mwili, yaani seli. Yanaiambia seli ikue lini na ikome lini. Nusu ulipata kwa mama na nusu kwa baba. Maagizo hayo yakiharibika, seli huweza kukua bila kukoma. Hivyo ndivyo saratani inavyoanza. Si uchawi wala si laana.

Mabadiliko haya ni ya aina mbili. Kuna yale yanayotokea ndani ya uvimbe peke yake, wakati mtu amekwisha kuzaliwa. Hayo hayarithiwi na watoto. Mengi ni ya aina hii. Halafu kuna yale ya kurithi, kama yale ya jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kama 5 hadi 10 hivi ndio walioipata kwa sababu ya kurithi. Mzazi mwenye mabadiliko hayo, awe mama au baba, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari ni hili: "Je, mabadiliko haya yako kwenye uvimbe tu, au ni ya kurithi?"

Sasa utauliza, daktari anajuaje maana ya herufi zile? Mabadiliko ni maelfu, na kila mwaka watafiti huandika ripoti nyingi mno. Hakuna daktari mmoja anayeweza kuzisoma zote. Hapa ndipo wanapoingia watu wa kujitolea.

Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, kuna ndugu wawili mapacha, Malachi Griffith na Obi Griffith. Walipokuwa vijana, mama yao alifariki kwa saratani ya titi. Walipokuwa watafiti, wao na wenzao walianzisha daftari la wazi katika intaneti liitwalo CIViC, na mwaka 2017 wakaieleza kazi hiyo katika jarida la Nature Genetics. Daftari hilo halilipishwi. Daktari wa Eldoret analisoma sawasawa na daktari wa London.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mtu wa kujitolea, mara nyingi mtaalamu au mwanafunzi wa sayansi, anasoma ripoti iliyochapishwa. Anaandika kwa ufupi: ni mabadiliko gani, ni saratani gani, ni dawa gani, na je, ilisaidia au haikusaidia? Ni lazima ataje ripoti aliyosoma. Kisha anaupa ushahidi daraja. A ni ule uliothibitishwa na kukubalika katika matibabu. E ni ule wa kukisia tu. Baada ya hapo mhariri anakagua, na aliyeandika haruhusiwi kujipitishia kazi yake mwenyewe. Kosa likionekana, linasahihishwa.

Faida yake ni nini? Chukua jeni iitwayo HER2. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kama 15 hadi 20 huwa na jeni hii kupita kiasi ndani ya uvimbe. Hao husaidiwa na dawa iitwayo trastuzumab, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Asiye na hali hiyo akipewa, atatumia pesa nyingi bure na kupata madhara ya dawa. Kusoma karatasi vizuri kunaokoa maisha, na kunaokoa shamba lisiuzwe bila sababu.

Lakini nikueleze ukweli. Sehemu kubwa ya utafiti wa jeni imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo Mwafrika akipimwa jeni za kurithi, ni rahisi zaidi kuambiwa, "Tumeona mabadiliko, lakini maana yake bado haijulikani." Ukiambiwa hivyo, usikate tamaa, na usikubali kuondolewa titi kwa sababu ya jibu hilo peke yake. Mengi ya mabadiliko hayo, yakija kueleweka, huonekana hayana madhara. Rudi kwa daktari baada ya mwaka mmoja au miwili uulize kama kuna habari mpya.

Basi wewe ufanye nini nyumbani?

Kwanza, weka karatasi zote za hospitali pamoja, mahali pakavu, kama unavyoweka kadi ya chanjo ya mtoto.

Pili, andika habari za ukoo. Nani aliugua saratani, ya wapi mwilini, na akiwa na umri gani? Uliza upande wa mama na upande wa baba. Nyanya na shangazi wanajua mengi. Waulize wakiwa hai.

Tatu, ukiletewa habari ya dawa ya kuponya saratani, uliza kama wanavyouliza wale wa kujitolea: Nani ameandika? Ameona wapi? Nani mwingine amekagua? Kama hakuna jibu, funga mkoba wako.

Nne, usingoje kipimo cha jeni. Kipimo hicho hakipatikani kila hospitali, na bei yake ni kubwa. Ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au ngozi ya titi iliyobadilika, nenda kituo cha afya wiki hii, hata kama hakuna maumivu.

Na umwambie dada yako jambo moja jioni ya leo: hakujiletea ugonjwa huu, wala mama yake hakumtakia. Kisha mwende pamoja kwa daktari na maswali yenu yakiwa yameandikwa.