Zakaria Aomba Kibao

Homilia ya Sherehe ya Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji



Tarehe 24 Juni inapoangukia siku ya Jumapili, Mama Kanisa huiweka kando Jumapili ya kawaida akasherehekea kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Kwetu sisi wa Tukuyu siku hii huja katika majira ya baridi, ukungu umeshuka kutoka Mlima Rungwe hadi migombani, na wengi wenu mnatusikiliza mkiwa mmejikunyata motoni. Kaeni hapo hapo, maana Injili ya leo nayo ni habari ya nyumbani. Mtoto amezaliwa, majirani na jamaa wamekusanyika kwa furaha, na katikati ya furaha hiyo umezuka ubishi juu ya jina.

Jamaa walikwisha kuamua. Mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama yake, Elizabeti, akakataa, akasema ataitwa Yohane. Wakamjibu kwamba katika ukoo wao hakuna mtu mwenye jina hilo. Sisi wa nchi hii ya Mwa-fulani na Mwa-fulani hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jibu hilo: jina ni la ukoo, na mama mzazi aliyeolewa humo ni nani hata aingize jina geni? Basi wakamwacha Elizabeti, wakamgeukia mzee. Mzee huyo alikuwa bubu tangu siku ile hekaluni alipoyaonea shaka maneno ya malaika. Wakampungia mikono kumwuliza. Naye akaomba kibao, yaani ubao mdogo wa kuandikia ambao watu wa kale waliupaka nta na kuuchora kwa kijiti chenye ncha, akaandika kwamba jina la mtoto ni Yohane. Wote wakastaajabu. Mara hiyo kinywa chake kikafunguliwa, akaanza kumsifu Mungu.

Tuutazame utaratibu wa mambo haya, ndugu zetu. Mtakatifu Luka hasemi kwamba Zakaria alifunguliwa kinywa, kisha akaandika. Aliandika kwanza, na sauti ikaja baadaye. Mwanadamu hudhani kwamba ataipata kwanza maana ya maisha yake, aielewe vizuri na kuikamilisha moyoni, na siku atakapokuwa tayari ndipo ataiandika au kuitamka mbele za watu. Mzee huyu alikaa miezi ile yote akiwa na jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kumpata, wala hakuweza kulisema hata kwa mkewe. Siku aliyokubali kulichora jina lile, herufi kwa herufi, mbele ya jamaa wasiolitaka, ndipo yeye mwenyewe akafunguka. Tena tazameni alichoandika. Hakueleza yaliyompata hekaluni, wala hakujitetea kwa kule kutoamini kwake, ingawa mtu aliyenyamazishwa miezi tisa angekuwa na mengi ya kujitetea. Aliandika jina la mwingine, jina alilopewa na Mungu ampe mtoto.

Katika wilaya yetu tunao ushahidi wa jinsi mkono unavyoweza kuutangulia moyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huo Mwalimu Nyerere alizitaja sehemu sita za nchi ambazo zilipaswa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha, wakati taifa likiadhimisha miaka kumi ya uhuru. Sehemu hizo zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Rungwe. Naam, Rungwe hii yetu, ambayo baadaye Kyela ilimegwa kutoka kwake.

Wazee watakumbuka madarasa hayo, ambayo watu waliyaita ngumbaru, wengine kwa mzaha na wengine kwa fahari. Yalifanyika shuleni jioni, makanisani, chini ya miti. Walimu wengi walikuwa watu wa kujitolea, wengine vijana waliomaliza darasa la saba, na posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Kijana wa miaka kumi na minane akimshika mkono mtu wa umri wa mama yake ili amwonyeshe jinsi ya kukata herufi! Katika nchi hii ambapo mdogo huinama akimwamkia mkubwa, jambo hilo lilitaka unyenyekevu wa pande zote mbili, na sisi tunaona kwamba wale wazee waliinama zaidi.

Bibi mmoja wa upande wa Masoko alipata kutusimulia kwamba neno la kwanza alilojifunza kuliandika lilikuwa jina lake. Alipoliona limekaa pale, alilifuta akaliandika tena, kisha akalifuta tena, kwa sababu hakuamini kwamba ni yeye. Kabla ya hapo, alisema, kila palipotakiwa jina lake walimpaka wino kwenye dole gumba. Lakini hadithi yake haikuishia hapo. Jina la pili aliloliandika lilikuwa la mtoto wake aliyefariki akinyonya, miaka mingi kabla ya darasa lile, mtoto ambaye hakuwa na picha wala cheti wala kaburi lenye alama. Mwalimu wake kijana akamwuliza huyo ni nani, maana hakumjua katika watoto wake. Bibi akamwambia. Na kwa maneno yake mwenyewe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mtoto huyo kwa mtu asiye wa nyumba yake. Aliandika, kisha akasema. Tunadhani Zakaria angemwelewa.

Kalamu, hata hivyo, haikuja Rungwe mwaka 1971. Ndugu zetu Wamoraviani walifika chini ya mlima huu mwaka 1891, na mwaka huo huo wamisionari wa Berlin nao waliingia katika nchi ya Wanyakyusa. Wakatumikishwa katikumeni herufi pamoja na imani, na Kinyakyusa, lugha iliyokuwa ya mdomo tu, kikaanza kuwekwa katika maandishi. Sisi Wakatoliki tuseme haya bila kijicho: wengi wa babu zetu walijua kusoma kwa sababu jirani yao Mmoraviani alijua.

Na matunda ya kampeni ile yalionekana nchi nzima. Katika sensa ya mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 walihesabiwa kuwa asilimia 39, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watatu kati ya kumi hawajui. Fedha zilikuwa zimepungua, madarasa yamefungwa, watoto wengine wamekosa shule, na wengi waliojifunza walikuwa wamesahau kwa kukosa cha kusoma na sababu ya kuandika. Herufi ni kama njia ya migombani, isipokanyagwa majani huifunika, na kwa mvua hizi zetu haichukui muda mrefu.

Turudi sasa kwa Elizabeti, maana hatutaki kumwacha pale jamaa walipomwacha. Yeye alisema kweli. Alilisema jina lile lile ambalo baadaye liliandikwa, wala hakukosea hata herufi. Hawakumsadiki. Kibao kilipoletwa, neno lile lile likawanyamazisha wote. Ndugu waamini, katika vijiji vyetu wako Elizabeti wengi. Mume amefariki, msiba haujapoa, na jamaa wamekaa barazani kugawa shamba la chai, migomba na nyumba. Mjane anasema, marehemu aliniambia sehemu hii ni ya watoto hawa. Nao wanamjibu karibu kama walivyomjibu Elizabeti, kwamba katika ukoo wetu hakuna jambo kama hilo. Zakaria wa nyumba hiyo hawezi tena kupungiwa mikono. Amekwenda, na hakuacha kibao.

Kanuni za kimila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 hazikumpa mjane fungu lake mwenyewe, zilimwachia atunzwe na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kati ya karatasi hizo mbili wajane wengi wanapotea njia, hasa wasioweza kuzisoma. Hata hivyo kanuni zile zile za mwaka 1963 ziliruhusu wosia wa maandishi, na ndani yake mna jambo linalostahili kufikiriwa. Mwenye kuusia anayejua kusoma na kuandika alitakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua alitakiwa kuwa na wanne. Mashahidi wenyewe sharti wajue kusoma na kuandika. Maana yake, mbele ya sheria, kalamu katika mkono wa mtu ilihesabiwa sawa na watu wawili waliosimama upande wake.

Wako wanaume wanaotuambia kwamba kuandika wosia ni kujitakia kifo. Zakaria alikuwa mzee sana alipoandika kile kibao, na baada ya kukiandika aliimba. Wengine husema, watoto wangu wanapendana, hawatagombana. Tunawaombea iwe hivyo. Ila tumezika watu wengi kutoka katika nyumba za watoto waliopendana, na tumeona yaliyofuata baada ya arobaini.

Nanyi makatekista, walimu wetu, tuna neno kwenu. Ninyi ndio mnaoshika daftari vigangoni kabla majina hayajafika parokiani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 535, inaiagiza kila parokia iwe na vitabu vya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Mnajua uchovu wa kazi hiyo. Mvua inapiga bati, watoto ishirini wanalia, wasimamizi wanataka kuwahi nyumbani, nanyi mnauliza kwa mara ya tatu jina la bibi huyu linaandikwaje. Ulizeni hata mara ya nne. Mama aliyekuja na mtoto bila baba, msimwandike kwa haraka na kwa aibu kama mtu anayeficha kitu. Jina lake liandikwe kwa mwandiko ule ule mzuri mnaotumia kwa mwenyekiti wa kigango. Miaka thelathini baadaye mtoto huyo atakuja kuomba cheti chake ili afunge ndoa, naye atalisoma jina la mama yake katika mwandiko wenu. Na kama katika kigango chenu wako watu wazima wasiojua herufi, benchi mnalokalia wakati wa mafundisho linatosha kuanzia. Wachache tu, jioni mbili kwa wiki. Anzeni na majina yao, na baada ya hayo muwaulize jina la pili wanalotaka kuliandika. Mtakayoyasikia yatawafundisha kuliko sisi tunavyoweza.

Mtu atauliza kama haya yote yanahusu kweli maana ya maisha, au ni mambo ya karatasi tu. Bwana wetu, kwa kadiri Injili inavyotueleza, aliandika katika tukio moja tu, kwa kidole, mavumbini, mbele ya mwanamke waliyetaka kumpiga mawe, na hatujaambiwa aliandika nini. Mavumbi yale yalipeperuka. Mwanamke alibaki hai. Na wanafunzi wake waliporudi wakifurahia mafanikio yao, aliwaambia wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Yeye aliye Neno la milele hakuona jina la mvuvi kuwa jambo dogo.

Basi wiki hii tunaziomba familia jambo moja. Tafuteni daftari, hata lile la shule lililobaki kurasa nusu. Andikeni majina ya wote wa nyumba yenu, walio hai na waliotangulia, na wale waliokufa wachanga bila kutajwa tena. Asiyejua kuandika amtamkie mtoto wake polepole, na mtoto asimharakishe. Daftari hilo mtalileta kanisani mwezi wa Novemba tunapowaombea marehemu. Wazee mnaomiliki ardhi, katika ukurasa mwingine andikeni mnachotaka kifanyike, mweke tarehe na sahihi, muwaite mashahidi ambao si warithi wenu. Mkisha kuandika, someni kwa sauti, mama wa nyumba akiwapo, na jamaa wakiwapo. Na yeye apewe nafasi ya kusema kama kilichoandikwa ndicho.

Tumsifu Yesu Kristo.