Itazamwe Njia ya Kazi Kabla ya Kununuliwa Kompyuta
(Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi)



Mzee akivuka bahari kutoka Pemba kufuata kiinua mgongo chake, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo kwa kuwa jalada halijaonekana, kosa si lazima liwe la karani aliye mbele yake. Mara nyingi kosa limo katika njia linayopita jalada.

Kwa hiyo mshauri mwelekezi aliye mwema haanzi na mashine. Hulifuata jalada kutoka masjala hadi kwa mhasibu, na kutoka hapo hadi kwa mtia saini. Kila mahali huuliza: hapa linafanyiwa nini, na linangoja nini?

Katika miaka ya 1980, kampuni ya magari ya Ford ya Marekani ilikuwa na watumishi zaidi ya 500 katika ofisi zake za malipo za Amerika ya Kaskazini. Ilikusudia kuwapunguza kwa asilimia 20 kwa kutumia kompyuta. Ikatazama kampuni ya Mazda ya Japani, ikakuta kazi hiyo inafanywa na watu 5. Mazda ilikuwa ndogo, lakini udogo huo haukutosha kueleza tofauti. Ilipochunguza, Ford iliona kuwa makarani walilinganisha mambo 14 katika hati ya kuagizia mali, hati ya kupokelea na ankara, na siku nyingi zilipotea hati zilipopingana. Basi ankara ikaondolewa. Mali ikifika, mpokeaji aliitazama katika kompyuta: ikilingana na agizo huipokea, na malipo huandaliwa, isipolingana huirudisha. Watumishi wa kazi hiyo wakapungua kwa asilimia 75.

Michael Hammer aliueleza mfano huo mwaka 1990, akionya kuwa kompyuta isitiwe juu ya utaratibu mbovu. Sisi watu wa visiwani twalijua hilo: dau linalovuja hutiwa kalafati kwanza, haliongezwi tanga. Lakini mwaka 1996 Hammer mwenyewe alikiri kuwa hakuwazingatia vya kutosha binadamu wanaofanya kazi. Nasi tulikumbuke hilo. Karani anayehofia nafasi yake hatamwonyesha mshauri penye kasoro.

Kompyuta zikishakuwapo, huduma yake nayo yataka utaratibu. Miongozo ya ITIL, iliyoanzishwa na Serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, hutenganisha tukio na tatizo. Mashine ikizimika, hilo ni tukio. Huduma irudishwe upesi. Sababu ya kuzimika kwake ndiyo tatizo. Fundi anayeiwasha upya kila Jumatatu amemaliza tukio, na tatizo liko pale pale.

Ndugu zangu, kabla ya kuomba fedha za mashine, kila idara na ichukue jalada moja na kulifuata kwa miguu mpaka mwisho, ikiandika siku na sababu ya kila kituo. Saini inayolinda mali ya umma ibaki. Saini iliyobaki kwa mazoea tu iondolewe. Na karani wa chini aulizwe mwanzo, kwani yeye ndiye anayejua jalada hulala wapi.

Tukifanya hivyo, mzee wetu atavuka bahari mara moja tu.